Nailoni Katika Shamba la Mama Yako

Ikonge, Jumapili, saa nane mchana

Kemunto mwanangu,

Wewe uko ndani unashonewa vifungo vya koti, na mimi niko huku nyuma ya ghala la mahindi. Nimekalia kreti ya soda kwa sababu viti vyote vimeshapangwa kwa wageni wa maombi ya jioni. Kalamu ni yako. Niliichukua juu ya meza bila ruhusa na utaikuta ndani ya bahasha hii.

Mambo ya sweta, pasipoti na baridi ya Kanada sitayagusa. Mama yako amekuambia, nyanya yako amerudia, na mchungaji atayasema tena jioni kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua sweta. Mimi nataka kukuandikia juu ya chai.

Usicheke. Najua unasema, huyu baba mdogo ameanza, sasa tutasikia habari za Kericho. Ndiyo, utazisikia, lakini safari hii kaa chini.

Kericho nilikaa miaka saba. Hivyo ndivyo nilivyokuambia tangu ukiwa mdogo, na ndivyo nilivyomwambia kila mtu kuanzia hapa Ikonge hadi Kenyenya. Nilikuwa nyapara mkuu, watu mia tatu chini yangu, meneja mzungu hapandi mche mpaka aniulize, "Nyakundi, unaonaje?" Na ni kule nilikompiga chui kwa buti la mpira mpaka akaomba msamaha. Hadithi hii umeisikia mara ngapi? Wewe mwenyewe uliisimulia shuleni ukapigiwa makofi.

Kemunto, nilikaa miezi miwili; ile miaka mingine nilikuwa nikizunguka na vibarua vya miji mingine. Kazi yangu ilikuwa kujaza udongo. Kuna kitalu, pale wanapooteshea miche ya chai kutoka kwa vipande vya matawi, na kila kipande kinakaa ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni, mrefu kama mkono wa mtoto kufika kiwiko. Mimi nilijaza udongo kwenye ile mifuko, toka asubuhi hadi jioni. Nyapara alikuwa mtu mwingine kabisa, mzee mwenye jino moja la mbele, na alipita kwenye mistari yetu akiimba wimbo mmoja tu: "Nailoni! Nailoni! Ukipasua nailoni umeua chai!" Aliyepasua mfuko alikatwa siku yake. Kwa hiyo niliiheshimu ile nailoni kama Biblia. Nilikuwa nikiota naipasua, naamka natoka jasho.

Halafu nilifukuzwa. Siku hiyo nilikuwa nawapa wenzangu habari za chui, mstari mzima ukasimamisha kazi kusikiliza, na yule mzee akatokea nyuma yangu chui akiwa ndiyo kwanza anaruka. Miche haikuwa imetoka kitaluni bado. Sikuona ikipelekwa shambani, sikuona ikipandwa hata siku moja. Kama mtu aliyetoka kanisani mchungaji akiwa bado anafungua kitabu, kisha akaenda kuhubiri. Na shule nayo nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Nusu ya hii, nusu ya ile, ndivyo nilivyorudi nyumbani, na koti jipya.

Mwaka huo ndio baba yako alifariki kwa ugonjwa wa sukari. Ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka ile chupa ndogo ya dawa ya sindano tuliyoiweka ndani ya mtungi wa maji ipate ubaridi? Wewe ndiye uliyekuwa mlinzi wa mtungi, hukutaka hata kuku apite karibu. Ilipokwisha kazi yake uliendelea kuulinda wiki nzima, hakuna aliyekuwa na moyo wa kukuambia toka. Wazee wakasema pale kaburini kwamba sasa baba yako ni mimi. Niliitika kwa sauti kubwa. Mimi huitika kila kitu kwa sauti kubwa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kutoa miche ya chai kwa wakulima wadogo, na mama yako alitaka shamba lake. Msabato yule, ambaye mpaka leo hajaweka chai mdomoni, alitaka kuipanda ili wewe usome. Bwana shamba akatangaza kwamba Alhamisi atafundisha upandaji pale sokoni. Mama yako alijifunga leso aende. Nikasimama mlangoni.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Kufundishwa."

"Atakufundisha nini yule kijana ambacho mimi sikijui? Mimi nimekula vumbi la Kericho."

Akafungua leso akarudi jikoni. Huyo ndiye mama yako: alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye mwanamume wa boma, akaamua kuniamini. Heri angenipiga na mwiko.

Siku ya kupanda ilikuwa risaga kubwa ya kusaidiana, wanawake kumi na wawili wa jirani, kila mmoja na jembe lake, sufuria za uji zimejipanga kivulini. Mimi katikati na koti langu nikionyesha kwa fimbo. Mama yako akachukua mche wa kwanza, akaugeuza geuza.

"Shemeji, hii nguo haivuliwi?"

"Ivuliwe kwa nini? Wewe ukisafiri na mtoto, unamvua nguo njiani?"

Wanawake wakacheka. Nilifurahi. Lakini mama yako hakuwa amemaliza.

"Njiani simvui. Nikifika namvua, la sivyo atajinyea."

Hapo walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Ningecheka nao yangeisha. Badala yake nilimtupia fimbo miguuni nikasema, "Basi chukua, wewe ndiye nyapara." Mama yako aliiokota ile fimbo, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, akainama akapanda. Mche na nailoni yake. Yote, mpaka wa mwisho, kule chini karibu na kijito.

Miaka miwili chai ilikuwa ya kijani, na mimi nilikuwa sikai nyumbani, kazi yangu ni kuwaleta watu waje waone. Mwaka wa tatu kiangazi cha Januari kikaja, cha kawaida tu, na mashamba ya wenzetu yakakunja majani yakasubiri mvua. Letu lilianza kuwa njano kutoka juu. Likafa mche mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba. Mama yako alibeba maji kutoka kijitoni asubuhi na jioni akimwagilia mizizi ambayo haikuwa na pa kwenda.

Asubuhi moja yeye akiwa kijitoni, nilichimba mche mmoja. Nailoni ilitoka ardhini nzima, safi, kana kwamba imenunuliwa jana. Na ndani yake mizizi ilikuwa imejizungusha, imezunguka tena na tena kama kamba iliyokunjwa chunguni, mpaka ikajinyonga yenyewe. Michache ilikuwa imechungulia chini kama inauliza njia. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, mimi ambaye sielewi vitu upesi. Nikaufukia.

Nilipoinuka, nyanya yako alikuwa amesimama kwenye ua.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Sijaona kitu, mama. Udongo ni mzuri. Miche ilikuwa mizuri."

"Basi ni nini?"

Kemunto, nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Tulikuwa wawili tu, na yule ni mama yangu mzazi, angenitukana siku mbili yakaisha. Nikasema, "Labda ni mkono."

Sikutaja jina. Nilijificha ndani ya hilo "labda" kama panya. Lakini nyanya yako alilipeleka kisimani, na kisimani likapoteza "labda" yake, na kabla ya Sabato ya pili Ikonge nzima ilijua kwamba mke wa marehemu ana mkono wa moto, akipanda kitu kinakufa. Watu wengine waliunganisha mpaka na kaburi la kakangu, na hilo siliandiki.

Ndiyo sababu umekua ukimwona mama yako kwenye kila risaga anachota maji. Wenzake wanapanda, yeye anabeba mtungi. Mpaka wimbi la uji la nyanya yako linapandwa na wanawake wa nje, naye amesimama kando na kata mkononi. Ulidhani anapenda kazi ile. Alifuma vikapu, akauza ndizi, akakusomesha kwa ndizi, na mkono uliokulea wewe mpaka chuo kikuu hakuna aliyeuruhusu kutia punje ardhini kwa majirani. Miaka kumi.

Ukiwa darasa la sita uliniuliza, "Baba mdogo, mkono wa moto unarithiwa?" Nilicheka nikakununulia andazi.

Sasa sikia kwa nini ninaandika leo na si mwaka ujao. Wiki mbili zilizopita tulikuwa jikoni, unamenya ndizi, na mimi nikakuuliza unaenda kusoma nini hasa, maana nilikuwa nimeshawaambia watu pale kituo cha kupimia majani chai kwamba unaenda kutengeneza binadamu. Ulinieleza pole pole. Kwamba chembe hai za mwili ni ndogo hata jicho halizioni. Kwamba mtu wa sukari, kama baba yako, chembe zake za kutengeneza dawa yake zimekufa, na ukimtilia za mtu mwingine, walinzi wa mwili wake wanaziona ni wageni wanazimaliza. Kwa hiyo mnataka kuzivisha. Utando laini mno, wenye vitundu vidogo: chakula kinaingia, dawa inatoka, walinzi wanabaki nje. Na utando huo, ukishamaliza kazi, uyeyuke wenyewe mwilini bila kuacha takataka, kama ule uzi mpya wa kushonea vidonda.

"Ni ukoo mmoja na nailoni," ulisema, "ila huu unayeyuka."

Nikakuuliza, na usipoyeyuka?

Ulisema mwili huujengea ukuta wa kovu, na zile chembe ndani yake hukosa hewa zikafa. Ukiyeyuka mapema, walinzi wanazila. "Shida yetu ni wakati tu, baba mdogo. Kujua ni lini uondoke."

Ukamwita mama yako, "Njoo uone, baba mdogo amenyamaza, leo tutapigwa na mvua ya mawe!" Mkacheka. Halafu, ukiwa umeinamia ndizi zako, ukasema kidogo kama utani: "Hata hivyo pale maabara ya chuo Nairobi chembe za panya zimenifia mara tatu. Za wenzangu ziko hai. Labda ni mkono."

Neno langu lile lile, Kemunto, pamoja na "labda" yake. Na mama yako alikuwa mlangoni. Aliutazama mkono wake, akaufuta kwenye leso ingawa haukuwa na maji.

Wiki mbili nimezunguka na neno hilo. Huna mkono wowote mbaya wewe. Mama yako hana. Zile chembe zako zilikufa kwa sababu nyingine, na sababu itafutwe kule kule kwenye vyombo vyako: uliza, chimba, fungua uone, hata kama watu wamesimama kwenye ua wanakutazama. Ukikuta kosa ni lako, sema siku hiyo hiyo, likiwa bado dogo. Mimi langu nimelilea likawa kubwa kuliko mimi. Na akikuuliza mtu unayemzidi elimu, mfua nguo au mfagizi, "Hii haivuliwi?", weka fimbo chini umsikilize. Ni hayo tu ninayoyajua kwa ukamilifu, mengine yote nayajua nusu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimepanga hivi: nikupe kesho asubuhi, nikuombe umsomee mama yako kabla hujapanda gari, kwa sababu yeye hasomi. Nilikuwa nimeshatafuta maneno matamu ya kukuomba. Lakini nikiyaandika naona nafanya yale yale. Nataka nikuvishe aibu yangu uende nayo Kanada, mimi nibaki hapa msafi.

Ngoja. Nakwenda jikoni. Nisiporudi kumalizia, ujue nimepigwa na mwiko.

*

Nimerudi. Sasa ni saa kumi na moja, mkono una udongo, usamehe karatasi.

Nilimkuta mama yako amemaliza vifungo vyako na kukutuma dukani, anachambua mboga na akina mama watatu wa kanisa. Nikasema, "Shemeji, naomba tuongee nje." Akasema, "Sema hapa, mboga haina masikio." Basi nikasema pale pale. Yote: miezi miwili, udongo, wimbo wa nyapara, mche niliouchimba na kuufukia, na yale niliyomwambia mama. Sikusimulia vizuri, Kemunto. Mara ya kwanza maishani nimesimulia kitu vibaya.

Mama yako hakulia wala hakunipiga. Aliweka mboga chini akachukua jembe nyuma ya mlango, akatangulia. Unaijua ile michai saba iliyobaki karibu na kijito, imedumaa, mbuzi wanaikwepa? Alianza kuchimba. Nikasema, "Lete nikusaidie." Akasema, "Wewe ulishachimba wako." Nikasimama.

Ilitoka, ile nailoni. Baada ya zaidi ya miaka kumi ardhini haikuwa na hata tundu. Aliupasua mfuko kwa ukucha, akaishika mizizi ile iliyojikunja, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, shemeji."

"Nilikuuliza mbele ya watu kumi na wawili."

"Ndiyo."

"Nimechota maji mpaka shingo ikapinda. Nilikuwa nikilala nautazama mkono huu. Ulijua?"

Nilijua. Nikasema nilijua. Sikuwa na "labda" iliyobaki.

Akasema, "Basi twende kwa mama."

Nyanya yako alikuwa amekaa na wageni wa kwanza wa maombi, na mama yako akamwekea ule mche mapajani na udongo wake wote, juu ya gauni la kanisani. Nikasema tena, mbele ya wote, na mzee wa kanisa akiwemo. Nyanya yako aliivuta nailoni kwa vidole, akavuta, haikukatika. Kisha alinitukana, sitaandika alivyonitukana, ila nimegundua bado ana pumzi nzuri sana kwa umri wake. Alipomaliza hakumwomba mama yako msamaha kwa maneno, unamjua. Aliinuka akaingia kwake, akatoka na kile kibuyu cha mbegu ya wimbi ambacho huwa hakuna anayekigusa, akakiweka mikononi mwa mama yako.

"Mwaka huu utanitangulia kwenye mstari wa kupanda," alisema.

Mama yako akakipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia. Mimi nilikuja huku nyuma kwenye kreti yangu. Sijui kama amenisamehe. Amenitumia uji na mtoto wa jirani, na haukuwa na sukari, lakini ulikuwa wa moto.

Sasa fungua bahasha vizuri. Pamoja na kalamu yako kuna kitu kimekunjwa. Ni ile nailoni. Mama yako ameiosha mwenyewe kwa sabuni, akaianika kwenye kamba katikati ya nguo zako za safari, wewe ulipita ukauliza ni nini hiyo, akakuambia, "Ya baba mdogo." Ni yeye aliyesema niitie humu. Ujumbe wake ni huu, nimeuandika alivyousema, sikuongeza kitu, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo:

"Mwambie Kemunto awaonyeshe walimu wake. Awaambie hii ilimlinda mtoto vizuri, shida yake haikujua kuondoka. Na mkono ulioupanda ule mche ndio uliomshonea yeye kifungo cha koti leo."

Nenda, mwanangu. Kesho kwenye gari nitakuaga kwa kelele kama kawaida yangu, na nitawaambia watu unaenda kutengeneza binadamu, usinisahihishe mbele yao. Yaliyo kweli yako humu.

Ni mimi niliyeitika kaburini, na bado naitika,
Baba yako mdogo, Nyakundi,
mjaza udongo.

Yule chui alikuwa mbwa wa meneja. Lakini alikuwa mkubwa.